Tabasamu la Mlima wa Umoja

"Hilo ni tabasamu," Mkurugenzi Chingwele alisema kwa mara ya nne, na safari hii akagonga meza.

"Ni ufa," Sikudhani akajibu. "Jumatatu ulikuwa vidole vitatu. Jana nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Tabasamu gani hilo linalomeza mkono wa mtu?"

"Pana."

"Mkurugenzi!"

"Bi Sikudhani, teremsha sauti. Kuta hizi ni za mbao." Akainuka, akafunga dirisha, akarudi kukaa. Shati lake lilikuwa limelowa kwapani ingawa mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo na asubuhi ilikuwa ya baridi. "Kamati ya Majina ilikaa siku tatu. Maprofesa walikuwapo. Wakaamua kwamba Mlima wa Umoja hauwezi kupasuka, kwa sababu ukipasuka hautakuwa tena wa Umoja, na sisi hatuna mlima mwingine. Kwa hiyo kilichoko pale juu ni tabasamu la Mama Ardhi akiwatazama wanawe. Andika hivyo kwenye taarifa, tutie saini, twende tukanywe chai."

"Saa tatu watoto mia sita wanasimamishwa chini ya hilo tabasamu. Zena wangu yumo."

"Najua."

"Na wajukuu zako watatu wanaosoma shule hiyo hiyo?"

Mkurugenzi akatazama kalenda ukutani. "Wanaumwa tumbo."

"Wote watatu?"

"Walikula pamoja."

"Na watoto wa Katibu Mkuu?"

"Tumbo."

"Na binti wa Waziri?"

"La kwake limeanza tangu Jumanne."

Hapo Sikudhani akakaa bila kukaribishwa. Mpaka dakika ile alikuwa ameogopa kama mpimaji, hofu ya namba, ambayo mtu anaweza kuikunja na kuitia kwenye faili. Sasa akaogopa kwa namna nyingine. Alikuwa akiwaandikia barua akidhani hawajui. Kumbe walijua.

Chingwele akavuta mtoto wa meza, akatoa karatasi yenye muhuri wa hospitali na nafasi tupu ya jina.

"Nimebakiwa na cheti kimoja," akasema bila kumtazama. "Nilikuwa nimemwekea mpwa wangu. Jaza jina la mwanao, mchukue, nenda nyumbani. Ila mtoto mmoja tu, Bi Sikudhani. Usiniharibie."

Sitawadanganya. Alikipokea.

*

Nchi yenyewe siitaji jina, na si kwa woga. Jina lake liko kwenye kamati, mwaka wa kumi na nne sasa, kwa sababu kila jina linalopendekezwa huanza na herufi fulani, na kila herufi ina kabila linaloidai. Tuiache hivyo.

Mlima nao haukuanza vibaya. Wilaya mbili zilikuwa zimegombana juu ya malisho mpaka watu wakafa. Walipochoka kuzika, wanawake wa pande zote mbili walisafiri kuja kwenye kiwanja kilichokuwa pembeni mwa soko la mji mkuu, kila mmoja na bakuli la udongo wa kwao. Mama yake Sikudhani alilipakata bakuli lake la bati siku mbili njiani. Wakamwaga mahali pamoja. Wakachanganya kwa mikono. Huu ulikuwa mweusi na ule mwekundu, na baada ya muda hakuna aliyeweza kuutenga wa kwake. Mwanamke mmoja wa upande wa pili, aliyekuwa amezika kijana wake mwezi ule ule, alichukua upindo wa kanga yake akamfuta mama yake Sikudhani mikono, kidole kimoja kimoja. Sikudhani, aliyekuwa chuoni wakati huo, alisimama pale akaona. Mpaka leo akiulizwa kama anaamini kwamba binadamu wote ni watoto wa mama mmoja, hujibu kwamba yeye haamini, alishuhudia.

Siku ile hakuna aliyetoa hotuba. Ndiyo maana serikali iliona kuna kasoro.

Ikaundwa Wizara ya Heshima ya Ardhi na Umoja wa Binadamu. Bakuli likawa ndoo, ndoo ikawa lori. Wilaya iliyoleta malori machache iliulizwa kwa nini inachukia binadamu. Mabonde yakachunwa udongo wake mzuri wote, wakulima wakabaki wanapanda mahindi kwenye kokoto, na waliponung'unika wakakumbushwa kwamba shamba lao halijapotea, liko mjini, wanaweza kuja kuliangalia siku za kazi kuanzia saa tatu. Nchi jirani nazo zilituma kiroba kimoja kimoja, na kila kiroba kilipokewa uwanja wa ndege kwa mizinga. Rundo likapanda, likapita shule ya msingi jirani, likapita soko, likapita paa la wizara yenyewe. Mita hamsini na mbili.

Na kwa kuwa ilikuwa Wizara ya Heshima, kila kitu kilifanywa kwa heshima. Udongo haukushindiliwa, maana kushindilia ni kumpiga Mama. Haukuchimbwa mitaro ya maji, maana ni kumkata. Haukupandwa nyasi wala miti, maana mizizi inachoma. Tabaka la kila wilaya lilimwagwa juu ya jingine, mchanga juu ya udongo wa mfinyanzi, mfinyanzi juu ya mchanga, unene sawasawa ili pasiwe na upendeleo.

Sikudhani alikuwa na stashahada ya upimaji na ujenzi wa barabara. Aliandika barua saba. Udongo usioshindiliwa, alieleza, usio na mitaro wala mizizi, unakunywa mvua mpaka unashiba, na ukishashiba unaondoka. Alijibiwa barua moja. Ilimshukuru kwa mapenzi yake kwa Mama Ardhi na kumwomba apunguze neno "unaondoka".

*

Kutoka ofisini alipanda mlima kwanza. Alitaka namba ya mwisho, ili asije akasema aliogopa bure.

Kwenye kizuizi akavua viatu kama kila mtu. Mlinzi wa zamu, mzee mmoja mpole aliyeitwa Mbaruku, akamsomea sala ya kuomba radhi kwa kukanyaga, naye akaifuatisha haraka haraka huku akitazama juu. Udongo ulikuwa laini kama uji uliopoa. Kila hatua ilibaki na shimo, na kila shimo lilijaa maji kabla hajanyanyua mguu wa pili.

Jana ufa ulikuwa umeishia kwenye bendera ya wilaya ya ishirini, kati ya zilizosimikwa kileleni. Leo ulikuwa umezizunguka bendera zote kwa upande wa shule, kama mtu aliyekata kipande cha keki na bado hajakitoa. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono. Kiwiko kikapita. Bega likagota. Vidole vyake vilikuwa vinapapasa hewa, na hewa ile ilikuwa inapanda, ya baridi, yenye harufu ya kisima.

Kisha akasikia sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu mnene anayejigeuza kitandani chumba cha pili.

Alishuka akiwa amekaa, akiteleza kwa makalio, sketi ya kazini imejaa tope. Mbaruku akamtazama.

"Vipi huko, binti yangu? Mama anatabasamu?"

"Mzee, ondoka hapa."

"Zamu yangu inaisha saa nane."

"Mzee Mbaruku, nakwambia ondoka!"

Mzee akatazama huku na huku, akainama. "Binti yangu, nimeiona nguzo ya uzio wa shule ilivyolala. Jana ilikuwa imesimama. Lakini kuogopa ukiwa zamu ni miezi sita jela. Wewe una kibali?"

*

Kibali cha Hofu kilitolewa dirisha namba tatu, jengo la wizara, ghorofa ya chini. Sheria ilikuwa wazi: woga unaambukiza, unatenganisha watu, kwa hiyo haki ya kuogopa hadharani ni ya wenye vibali. Bila kibali, ukisema "kimbieni" unafungwa, na watu waliokimbia nao wanarudishwa walipokuwa.

Saa tatu na robo. Dirishani alikuwapo Bi Namsifu, karani wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimtazama Sikudhani, tope kuanzia begani mpaka unyayoni, akamsukumia fomu bila kuuliza.

"Unaogopa nini? Weka alama kwenye kimoja."

Sikudhani akasoma. Giza. Nyoka. Mwenyezi Mungu. Wakwe.

"Mlima haumo."

"Haumo."

"Hamna sehemu ya mengineyo?"

"Ilitolewa. Watu walikuwa wanaijaza." Bi Namsifu akashusha sauti. "Mdogo wangu, weka nyoka. Nyoka napitisha mwenyewe hapa hapa. Ukiandika mlima, naupeleka makao makuu."

"Nikiweka nyoka, naruhusiwa kuogopa lini?"

"Baada ya siku saba za kazi."

Sikudhani akaegemea kaunta. "Dada, sina siku saba. Nadhani sina saa moja. Mkono wangu umezama mpaka begani."

Bi Namsifu akavua miwani, akaifuta kwenye blauzi, akaivaa tena ikiwa imechafuka zaidi. Alipozungumza tena midomo yake haikutikisika sana, kama watu wanavyozungumza msibani.

"Nina mapacha pale. Darasa la nne. Niliwashonea sare mpya kwa ajili ya leo."

"Watoe."

"Kwa cheti gani? Vya tumbo vimekwisha tangu juzi, vyote vimekwenda mtaa wa juu. Nilipoomba nikaambiwa mapacha wangu wana afya." Akamtazama. "Wewe umepata?"

Sikudhani akaweka kiganja juu ya mfuko wa sketi yake, kama mtu anayemzuia mwizi.

"Hapana," akasema.

Akatoka nje mbio, na aibu ikamfuata mpaka barabarani.

*

Sikukuu ya Mkumbatio, siku ya watoto kuukumbatia mlima, ilikuwa imekwisha kuanza. Watoto walikuwa wamepangwa chini ya mlima kwa mstari mmoja uliojikunja kama mundu, miguu peku, mkono kwa mkono, kwa urefu wao. Mwanzoni, karibu na jukwaa, vijana warefu wa darasa la saba. Mkiani, vitoto vya darasa la kwanza. Mtoto wa mwisho kabisa aliagizwa anyooshe mkono wake wa pili na kuuacha wazi, hewani, kwa ajili ya binadamu wa mataifa yote ambao bado hawajafika. Mtoto huyo alikuwa Zena. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa mfupi kuliko wote. Alikuwa amenyoosha mkono ule kwa nusu saa na sasa ulikuwa unatetemeka.

Walinzi walisimama kila baada ya hatua kumi. Wazazi walikuwa nyuma ya kamba, ng'ambo ya barabara, na mvua ilikuwa ya manyunyu tu, mvua ya adabu.

Waziri Kilumanga aliteremka jukwaani ili kamera imwone akiwa mmoja wao. Akavua viatu, msaidizi akavipokea. Akamshika mkono kijana wa kwanza kwenye mstari, na kwa mkono wa pili akashika kipaza sauti.

"Ndugu binadamu!" akaanza. "Mnaowaona hapa si watoto. Ni mnyororo! Mama Ardhi hana mashariki wala magharibi, hana mkubwa wala mdogo, hana wa mtaa wa juu wala wa bondeni. Leo kizazi kizima kimeshikana bila kubaki hata mtoto mmoja!" Akameza mate kidogo hapo, akaendelea. "Na ninatangaza, kwa mamlaka niliyopewa, kwamba hakuna atakayeachia mkono mpaka nitakapomaliza. Anayeuachia mkono wa mwenzake leo ameuachia mkono wa binadamu wote, na atafikishwa mahakamani, hata awe nani!"

Watu wakapiga makofi. Hotuba ilikuwa na kurasa thelathini na moja, msaidizi akizichomoa moja moja kwapani mwa Waziri na kumshikia asome.

Sikudhani alipita chini ya kamba. Mlinzi akamzuia kwa rungu.

"Unakwenda wapi?"

Akatoa cheti. Alikuwa amekijaza jina njiani, kwa kalamu iliyoteleza. Mlinzi akakisoma, akamtazama tope lake, akakisoma tena.

"Mtoto mmoja," akasema.

"Mmoja."

"Chukua, uondoke kimya. Usimtishe mtu."

Ilikuwa hatua kama arobaini kutoka pale mpaka kwa Zena, na zote zilikuwa kwenye maji. Asubuhi mahali hapa palikuwa pakavu. Sasa maji ya rangi ya chai yalikuwa yanatoka chini ya mlima, yanapita katikati ya vidole vya miguu ya watoto, na wadogo walikuwa wanacheka kwa sababu yanatekenya. Uzio wa shule ulikuwa umelala kabisa. Hakuna aliyeutazama, maana wote walikuwa wanatazama kamera.

"Mama!" Zena akasema. "Usinishike huo mkono. Huo ni wa mataifa."

"Twende nyumbani. Unaumwa tumbo."

"Siumwi."

"Unaumwa. Achia hapo."

"Siachii. Mwalimu kasema ukiachia Mama Ardhi analia." Na kwa kweli hakuwa ameachia. Vidole vyake vilikuwa vimefungamana na vya msichana mwingine, mwembamba, mwenye kamasi, meno mawili ya mbele yameng'oka. Sikudhani hakumjua. "Huyu ni Sabela. Anaogopa. Nimemwambia tukishikana haogopi."

Sikudhani akainama, akaanza kuwatenganisha. Kidole kimoja. Cha pili. Vilikuwa vya baridi na vimekaza, na kila alipoinua kimoja kingine kilirudi mahali pake. Sabela hakulia. Alimtazama tu, usoni, kama mtu anayesubiri kuambiwa bei.

Na mlima ukajigeuza. Safari hii aliusikia kwa nyayo.

Kule mwanzoni Waziri alikuwa ukurasa wa tatu. Bendera za wilaya pale juu zikatikisika zote kwa pamoja, ingawa upepo haukuwapo, na baadhi ya watu wakapiga makofi.

Angeweza bado. Kuna wakati katika maisha ya mzazi ambapo mkono una nguvu kuliko kila kitu ulichofundishwa, na wa Sikudhani ulikuwa nazo. Mvuto mmoja wa nguvu, mtoto begani, hatua arobaini, cheti kinaonyeshwa. Akaviona akilini vidole vya Sabela vikibaki wazi hewani. Akamwona Bi Namsifu akifuta miwani. Na tumbo lake mwenyewe, tazama mambo, likaanza kuuma kwelikweli.

Akaacha kuvuta vidole.

"Sawa," akasema, na sauti yake ikatoka kavu, ile ya nyumbani, ya kuamshia watu asubuhi. "Msiachiane. Sabela, mshike Zena barabara. Nawe shika huyo wa nyuma yako kwa nguvu. Mwambie naye amshike mwenzake. Anayeachia nitamjua. Zena, lete huo mkono."

"Huu ni wa mataifa, mama."

"Nimefika kwa niaba yao. Lete."

Akaushika. Ulikuwa mdogo na umekufa ganzi. Akaupa mgongo mlima, akaanza kutembea kuelekea ng'ambo ya barabara, kwenye mwinuko wa mawe ambako serikali haikuwahi kumwaga udongo kwa sababu lori halipandi. Hakukimbia. Wadogo ndio waliokuwa mbele, na mtoto wa miaka saba akianguka, mia sita wanamkanyaga. Alitembea kwa mwendo wa Sabela.

Mstari ukanyooka, ukavutika, ukaanza kumfuata. Darasa la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna aliyeachia, walikuwa wamekatazwa. Mapacha wawili wenye sare mpya wakapita wakiuliza wanakwenda wapi. Mlinzi aliyesoma cheti akakimbia pembeni yake.

"We mama! Cheti chako ni cha mtoto mmoja!"

"Nimemshika mmoja. Hesabu."

Mlinzi akatazama mkono. Akahesabu. Ulikuwa mmoja.

"Hao wengine?"

"Waulize. Au waachishe mikono wewe, mbele ya kamera."

Mlinzi akageuka kumtazama mwenzake, na mwenzake akatazama maji yaliyokuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu, na pale pale, bila kibali, nyuso zao zote mbili zikabadilika. Yule wa kwanza akatupa rungu. Akakata kamba iliyowazuia wazazi, akambeba mtoto wa darasa la pili aliyekuwa anachechemea, bila kumtenga na wenzake.

Darasa la tano, la sita. Kule karibu na jukwaa Waziri Kilumanga alikuwa amefika pale aliposema kwamba binadamu wote wataongozwa pamoja kuelekea kesho, ndipo kijana wa darasa la saba akamvuta. Waziri akavuta upande wake. Kijana akavuta zaidi, maana naye alikuwa anavutwa na wenzake. Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa, kwa hiyo nchi nzima ilisikia: "Niachie!" na kijana akijibu kwa heshima kubwa, "Mheshimiwa, umesema ni mahakamani." Na Waziri, peku, akiwa na kurasa ishirini na nane kwapani, akaanza kukimbia kwenye matope nyuma ya watoto wa nchi yake.

Sikudhani hakuyaona hayo. Alikuwa amekwisha kanyaga jiwe la kwanza, gumu, lisilotikisika hata kwenye mvua ile, na alikuwa anaogopa kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Nyuma yao, mlimani, kitu kizito kikavuta pumzi.

"Mama, nini hicho?"

"Usigeuke. Vuta wenzako, mwanangu. Panda."